Kigari cha Gofu Kigeuzwapo Gari la Porini: Istilahi za Ugeuzaji wa Magari

Mfasiri apewapo kitabu cha maelekezo ya ufundi, jambo la kwanza alifanyalo aghalabu ni kutafuta orodha ya istilahi. Asipoipata, huanza kuunda maneno mezani pake. Katika fasihi au siasa neno baya humchosha msomaji tu. Katika ufundi neno baya huweza kuvunja chombo na kumuumiza mtu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi istilahi za ufundi zinavyopasa kupimwa, na mfano uliochaguliwa ni kazi moja iliyoenea katika nchi za nje: kuchukua kigari cha gofu kilichochakaa na kukigeuza kuwa gari la kazi liwezalo kupita penye mawe, mchanga na matope.

Mtu aweza kuuliza: kazi hiyo inatuhusu nini? Chukua kata ya Mungaa, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Kigari cha gofu si chombo cha huko. Katika nchi yetu vigari hivyo ni vya viwanja vya gofu na hoteli kubwa. Lakini kazi yenyewe, yaani kukipa chombo kizee maisha mapya, si ngeni hata kidogo. Katika mkoa huo, kama katika sehemu nyingine za nchi ya kati, mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe au punda mara nyingi huundwa kwa ekseli na magurudumu ya gari lililokwisha kazi. Fundi huikata ekseli kutoka kwenye chesisi, huchomelea juu yake fremu ya chuma au hufunga mbao, kisha huweka mti wa kukokotea na nira. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya lami sasa hubeba magunia ya alizeti na mtama katika njia za makorongo. Fundi huyo tayari anayo maneno ya kazi yake. Swali ni kama mfasiri atayatumia au atayapuuza.

1. Jina la chombo

Majina ya vyombo vya usafiri katika Kiswahili yamepatikana kwa njia nyingi. Mkokoteni umetokana na kitenzi kukokota. Pikipiki ni mwigo wa sauti. Bajaji ni jina la kampuni ya India lililogeuka kuwa jina la kila chombo cha aina hiyo, na toyo, yaani pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, imepita njia hiyo hiyo. Bodaboda ilianzia katika mpaka wa Kenya na Uganda, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Huko Goma, katika Kongo ya mashariki, chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo huitwa chukudu. Hakuna hata moja kati ya majina hayo lililosubiri idhini ya kamati.

Kwa chombo chetu jina kigari cha gofu linatosha. Kiambishi ki- kinafaa kuliko kusema gari dogo, kwa maana gari dogo kwa wasemaji wengi ni gari la kawaida la abiria wachache, kinyume cha basi na lori.

Ugumu huanza kigari hicho kikishageuzwa. Wako wafasiri ambao wangeandika gari la nje ya barabara kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Kwa msomaji wa Kiswahili, gari lililo nje ya barabara ni gari lililopata ajali; ndivyo redio na magazeti yanavyotangaza, kwamba gari liliacha njia likapinduka. Badala yake tunapendekeza gari la porini. Vivyo hivyo, gari la matumizi halina maana, kwani hakuna gari lisilo na matumizi. Kinachokusudiwa ni gari la kazi: la kubebea maji, kuni, mbegu, zana na wagonjwa, si la matembezi. Ofisa wa halmashauri aandikapo mkataba wa ununuzi na aseme gari la kazi la porini, muuzaji hataweza kumletea gari la mjini na kudai kwamba ametimiza masharti.

2. Jina la tendo

Tendo lenyewe hudai uangalifu zaidi. Neno kubinafsisha limeonekana likitumiwa kwa maana ya kukifanya kitu kimfae mtu binafsi. Matumizi hayo hayafai, kwa sababu tangu miaka ya 1990 neno hilo limeshika maana ya kuuza mashirika ya umma kwa watu binafsi. Lugha yetu inayo maneno matatu ambayo hayana budi kutenganishwa:

Kukarabati ni kukirudisha chombo katika hali njema kiliyokuwa nayo.
Kurekebisha ni kusawazisha sehemu iliyopotoka au isiyokaa sawa, kama vile breki au taa.
Kugeuza ni kukibadili chombo ili kifanye kazi ambayo hakikuundiwa.

Tofauti hii si ya mapambo. Gari lililokarabatiwa ni lile lile. Gari lililogeuzwa lina uzito mwingine, kimo kingine na hatari nyingine, na mkaguzi wa magari anapaswa kulitazama upya. Hati ikisema limekarabatiwa ilhali limegeuzwa, mkaguzi amefichwa jambo.

3. Sehemu zinazoshikika

Kwa sehemu zinazoshikika kwa mkono kanuni yetu ni moja: neno la karakana litangulie. Chesisi, ekseli, difu, beringi, springi, shokapu, rimu, usukani na breki ni maneno yanayojulikana kutoka Mungaa hadi Mombasa. Mengi yametoka Kiingereza, lakini yamekwisha kuvaa sauti za Kiswahili na kupokea viambishi vyake. Kuita ekseli mhimili, kwa mfano, hakuleti faida. Mhimili umekwisha kupewa kazi: dunia huzunguka katika mhimili wake, na dola ina mihimili mitatu. Fundi akiambiwa akate mhimili atauliza ni upi.

Lakini neno la Kiswahili la siku nyingi nalo lina mtego wake. Kulehemu katika matumizi ya wengi ni kuunga bati kwa risasi iliyoyeyushwa, kama wafanyavyo mafundi wa makopo na vibatari. Kuunga chuma kwa chuma kwa moto wa umeme au gesi, mafundi husema kuchomelea. Fremu ya gari iliyolehemiwa itaachana katika korongo la kwanza. Basi maneno hayo mawili yasiachwe yakabadilishana nafasi.

4. Mambo yasiyoshikika

Hapa ndipo mfasiri anapopimwa kweli, kwa sababu mambo haya hayana umbo la kuonyeshwa kwa kidole, na karakana mara nyingi huyajua bila kuyataja.

La kwanza ni nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya gari iliyo chini kuliko zote. Kiswahili kinalo neno uvungu, linalojulikana na kila mtu aliyewahi kufagia chini ya kitanda. Kwa hiyo tunapendekeza kimo cha uvungu. Istilahi hii inatofautiana na kimo cha bodi, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha ugeuzaji wote. Katika kigari chenye ekseli nzima ya nyuma, sehemu iliyo chini kabisa kwa kawaida ni difu. Ukiweka vyuma vya kuongezea kimo kati ya springi na chesisi, bodi hupanda, lakini difu hubaki pale pale, na jiwe lililokuwa likiigonga litaendelea kuigonga. Kinachoipandisha difu ni tairi kubwa zaidi, na hiyo kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Tairi ya inchi 18 ikibadilishwa kwa ya inchi 22, difu hupanda inchi 2, yaani takribani sentimita 5. Vyuma vile kazi yake kubwa ni kulipatia tairi hilo nafasi lisikwaruze bodi. Mfasiri aandikaye inua gari kwa mambo yote mawili amemwacha fundi gizani. Tena fundi huenda akaleta jeki.

La pili ni uwiano wa gia. Tairi lile la inchi 22 lina mzingo uliozidi wa kwanza kwa asilimia 22 hivi. Mota ikizunguka kwa kasi ile ile, gari litakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini nguvu ya kusukuma ardhi itapungua kwa asilimia 18 hivi. Basi gari lililokusudiwa kupanda vilima limepewa mbio na kunyang'anywa nguvu. Ndiyo maana hubidi kubadili gia za difu au mota. Neno nguvu peke yake halitoshi hapa; tuseme nguvu ya kuzungusha kwa ile iliyo kwenye ekseli, na mwendo kwa kasi ya gari.

La tatu ni kitovu cha uzito. Kila kimo kinapoongezwa, kitovu hicho hupanda, na gari hupinduka upesi zaidi katika mteremko wa ubavuni. Dawa ni kutenganisha zaidi magurudumu ya kushoto na ya kulia. Hapa tusiandike upana wa magurudumu, kwani fundi atanunua tairi nene. Si kila dhana hudai istilahi ya neno moja. Maelezo marefu yaliyo wazi ni bora kuliko neno fupi lenye shaka.

La nne linahusu umeme. Vigari vingi vya zamani vina betri 6 za volti 6, kila moja ikiwa na uzito wa takribani kilo 28. Zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 36; zikiunganishwa sambamba hubaki volti 6. Maneno hayo mawili ya vitabu vya fizikia yaandikwe kila mara. Unganisha betri si agizo kamili. Tena betri hizo hutoa gesi iwakayo, kwa hiyo hazina budi kuondolewa kabla ya kuchomelea.

5. Istilahi zinazopendekezwa

Gari la porini: gari liwezalo kupita pasipo na njia iliyotengenezwa.
Gari la kazi: gari la kubebea mizigo na zana.
Kugeuza (ugeuzaji): kubadili chombo kwa ajili ya kazi nyingine.
Kuchomelea: kuunga chuma kwa chuma kwa kuviyeyusha.
Kimo cha uvungu: umbali kutoka ardhini hadi sehemu ya gari iliyo chini kuliko zote.
Kimo cha bodi: umbali kutoka ardhini hadi chini ya bodi.
Uwiano wa gia: hesabu ya mizunguko ya mota kwa mzunguko mmoja wa ekseli.
Kitovu cha uzito: mahali ambapo uzito wote wa chombo huhesabiwa kukutana.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, usanifishaji wa istilahi umekuwa sehemu ya wajibu wake. Lakini kusanifisha si kuagiza kutoka juu. Kwa vitu vinavyoshikika, karakana imekwisha kutufanyia kazi, nasi hatuna budi kuipokea. Kwa mambo yasiyoshikika tutafute kwanza neno lililomo majumbani mwetu, kama uvungu, kabla ya kuazima. Na kwa yote mawili kipimo kiwe kimoja: fundi wa Mungaa, aliyeshika spana na asiyekuwa na mtu wa kumuuliza, asomapo agizo letu, je, atafanya lile lililokusudiwa? Walimu wa shule za ufundi na maofisa wa wilaya wanaombwa kuyapima maneno haya kwa mafundi wao, na kuleta yale yanayotumika kwao yaliyo bora zaidi.