Córdoba: Mji wa Hispania wenye kanisa katikati ya msikiti, na jinsi ya kuutembelea ukaelewa unachokiona

Ukiingia ndani ya jengo maarufu zaidi la Córdoba, kusini mwa Hispania, kwanza unakutana na giza kidogo. Macho yakizoea, unaona nguzo. Nguzo mbele, nguzo kulia, nguzo kushoto, na juu yake matao yenye mistari myekundu na myeupe. Jumla ni 856. Ni kama kutembea kwenye shamba la minazi: kila ukigeuka, safu zinajipanga upya.

Halafu, katikati, dari inapaa ghafla. Mwanga unamwagika kutoka juu, na mbele yako kuna altare, viti vya kwaya na malaika wa kuchongwa. Umetoka msikitini ukaingia kanisani bila kupita mlango wowote.

Jengo hili linaitwa Mezquita-Catedral, yaani Msikiti-Kanisa Kuu. Mezquita na msikiti ni maneno ndugu, yote yametoka kwenye masjid ya Kiarabu. Watalii wengi hupiga picha za matao, wakaondoka. Lakini ukijua lilifikaje hapo, utaona mambo kibao ambayo wengine wanayapita.

Nani alilijenga?

Mwaka 750, ukoo wa Umayya uliotawala kutoka Damascus ulipinduliwa na watu wake wengi wakauawa. Kijana mmoja wa ukoo huo, Abd al-Rahman, alitoroka. Alipita Afrika Kaskazini, akavuka bahari mwaka 755, na mwaka uliofuata akawa mtawala wa Córdoba.

Mwaka 785 akaanza kujenga msikiti. Kabla yake, eneo hilo lilikuwa na majengo ya Kikristo, na wataalamu bado wanabishana yalikuwa ya aina gani.

Warithi wake waliuongeza mara tatu. Upanuzi wa mwisho, ulioanza mwaka 987, ulifanywa na Almanzor, waziri aliyeshika madaraka yote ya nchi. Kwa sababu upande wa kusini kuna mto, yeye aliongezea mashariki. Ndiyo maana mihrabu leo haiko katikati ya ukuta wake.

Nguzo fupi, dari ya juu: walifanyaje?

Hapa ndipo mafundi walipoumiza kichwa. Nguzo nyingi za mwanzo hazikuchongwa kwa ajili ya msikiti. Zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi na Wavisigothi, kwa hiyo zilikuwa fupi na hazikulingana.

Ukiweka paa juu ya nguzo fupi, ukumbi mkubwa hivyo unakuwa kama pango. Basi wakaweka tao juu ya nguzo, wakapandisha mhimili, kisha tao la pili juu ya lile la kwanza. Dari ikapanda na hewa ikapita.

Mistari ile miwili ya rangi nayo si urembo tu. Nyekundu ni matofali, nyeupe ni mawe, yamepangwa kwa zamu. Lakini ukifika sehemu ya Almanzor, angalia vizuri: pale matao ni mawe matupu, na wekundu ni rangi iliyopakwa. Ukishajua hilo, unaweza kuitambua sehemu ya Almanzor bila kusoma kibao chochote.

Usiache kuiona mihrabu. Imepambwa kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu, na waandishi wa kale wa Kiarabu wanasema fundi wake pamoja na vipande hivyo vilitumwa na mfalme wa Constantinople. Yaani mfalme Mkristo alisaidia kuipamba mihrabu ya msikiti. Na ukiwa na dira kwenye simu, utagundua kwamba inaelekea kusini zaidi kuliko Makka iliko.

Kanisa liliingiaje katikati?

Mwaka 1236 mfalme Ferdinand III aliuteka mji. Msikiti ukafanywa kanisa, lakini haukubomolewa. Kwa karibu miaka 300 Wakristo walisali chini ya matao yaleyale, wakiongeza madhabahu hapa na kikanisa pale.

Mambo yalibadilika mwaka 1523. Askofu alitaka kanisa kubwa katikati, na ili kulipata ilibidi nguzo zing'olewe. Baraza la mji likakataa. Likafika mahali pa kutangaza adhabu ya kifo kwa fundi yeyote atakayethubutu kubomoa. Kumbuka, hao waliokataa walikuwa Wakristo, wakiutetea msikiti wa zamani kwa sababu waliona hakuna jengo jingine kama hilo.

Kesi ikafika kwa mfalme Charles V, naye akampa askofu ruhusa. Inasimuliwa kwamba alipokuja kuona kazi yenyewe alijuta. Ujenzi ulikwisha mwaka 1607.

Wapo wanaosema kanisa lile liliharibu msikiti. Wapo wanaosema ndilo lililouokoa, kwa sababu jengo lililoendelea kutumika lilitunzwa, wakati misikiti mingine mingi ya Hispania ilibomolewa kabisa. Ukisimama pale nguzo za zamani zinapogusana na kuta za kanisa, unaweza kuamua mwenyewe.

Je, Muislamu anaweza kuswali humo leo?

Hapana. Jengo ni kanisa Katoliki linalotumika kwa misa, na swala ya Kiislamu hairuhusiwi. Waislamu wa Hispania waliwahi kuomba rasmi wakakataliwa, na mwaka 2010 kundi la wageni waliojaribu kuswali lilizuiwa na walinzi, vurugu zikatokea. Usijaribu.

Hata umiliki una mvutano. Mwaka 2006 Kanisa lililisajili jengo kwa jina lake. Baadhi ya wakazi wanasema ni mali ya umma, na Kanisa linasema limekuwa mikononi mwake tangu 1236. Kuna kipindi vipeperushi vya wageni viliandika "Kanisa Kuu" peke yake. Watu wakalalamika, na jina la Mezquita likarudishwa.

Agosti 2025 wote walishikwa na hofu moja, pale moto ulipozuka usiku katika kikanisa kimoja cha pembeni kilichotumika kama stoo. Wazimamoto waliuwahi. Paa la kikanisa hicho lilianguka, lakini ukumbi wa nguzo ulisalimika.

Nje ya Mezquita kuna nini?

Mambo mengi yako umbali wa kutembea kwa miguu:

• Uwanja wa michungwa: Uko ndani ya ukuta wa Mezquita. Ndipo waumini walipotawadha. Mnara wa kengele uliopo hapo, wenye mita 54, umejengwa kuuzunguka mnara wa zamani wa adhana. Yaani mnara wa msikiti bado umo ndani yake.

• Daraja la Warumi: Lina matao 16 na linavuka mto Guadalquivir, jina lililotokana na Kiarabu, likimaanisha "bonde kubwa la mto". Nenda jioni, picha zinatoka vizuri.

• Mtaa wa Wayahudi: Vichochoro vyembamba vyenye kuta nyeupe na vyungu vya maua. Sinagogi lake dogo la mwaka 1315 ni mojawapo ya masinagogi machache ya zama hizo yaliyobaki Hispania. Karibu yake kuna sanamu ya Maimonides, tabibu na mwanazuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa mjini hapa.

• Sanamu ya Ibn Rushd: Ipo kando ya ukuta wa mji. Mwanafalsafa huyu alizaliwa Córdoba mwaka 1126 na akawa kadhi wa mji. Neno hilo bado lipo Hispania: meya wao anaitwa alcalde, kutoka al-qadi, kadhi yuleyule tunayemjua sisi.

• Medina Azahara: Magofu ya mji wa kifalme ulioanza kujengwa mwaka 936, kilomita 8 hivi kutoka Córdoba. Haukumaliza hata miaka 100, ukaporwa na kuchomwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Ukipanga safari, zingatia haya

Viza: Hispania imo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza kabla ya kuondoka.

Usafiri: Treni ya mwendo kasi kutoka Madrid inachukua chini ya saa mbili. Kutoka Sevilla ni kama dakika 45, kwa hiyo unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni.

Msimu: Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40. Usije ukajidanganya kwamba umezoea joto la Dar au Mombasa, hili ni kavu na linachoma. Machi hadi Mei, au Oktoba, ni afadhali. Mwezi Mei wenyeji hufungua nyua za nyumba zao zilizojaa maua, na watu hupanga foleni kuziona.

Hela: Kwa miaka mingi Mezquita imekuwa ikifunguliwa bure saa 2:30 hadi 3:30 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa wasio kwenye makundi. Hakikisha ratiba kwenye tovuti yao kabla ya kwenda, maana ibada hubadilisha saa. Wanaume huvua kofia ndani.

Chakula: Onja salmorejo, supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Kawaida huwekewa vipande vya nyama ya nguruwe juu. Kama huli, sema mapema "sin jamón".

Ukishaingia Mezquita, usikimbilie katikati. Anza na matao ya upande wa lango, ndiyo ya zamani zaidi. Nyoosha hadi kwenye mihrabu, kisha geuka kushoto uingie sehemu ya Almanzor, na umalizie kanisani. Hapo utakuwa umefuata mpangilio wa miaka, kuanzia 785 hadi 1607, na utaelewa kwa nini watu wa mji huu bado wanabishana kuhusu jengo moja.