Mwizi Aliyeogopa Picha



Mara nyingi tumebandika matangazo ya chama ukutani hapa Nakaloke, na mara nyingi tumeona watu wakiyapita kama wapitavyo mti wa kando ya njia. Si kwamba wenzetu hawajali. Mtu ametoka zamu amechoka, karatasi imejaa maneno, na katika zamu hiyo moja mna Mgisu, Mgwere, Mteso, Mganda na Msamia. Wengine hawakupata bahati ya kukaa shuleni.

Lakini siku moja, mahali pa kazi ambapo hatutapataja, mwenzetu alichukua kipande cha boksi na kaa la jikoni akachora mizani. Upande mmoja aliweka gunia la mchumaji. Upande wa pili aliweka mawe ya kupimia, na juu ya mawe kidole gumba kinene kikikandamiza. Hakuandika neno hata moja. Kufika saa ya chakula kila mtu alikuwa ameiona, na jioni mkutano wetu ulijaa. Kwa sababu hiyo tumeona vema tuwaeleze habari za fundi mmoja wa kazi hiyo, aliyeishi Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Jina lake Thomas Nast. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1840, akapelekwa New York akiwa mtoto wa miaka sita. Kuanzia mwaka 1862 alichorea gazeti la kila juma lililoitwa Harper's Weekly. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono mingi. Picha ilichorwa juu ya kibao cha mti mgumu, tena kinyumenyume, ili ikipigwa chapa itoke sawasawa. Kibao kikubwa kiliundwa kwa vipande vilivyofungwa pamoja kwa skrubu. Vilifunguliwa, kila mchongaji akapewa chake, kisha vikaunganishwa tena. Jina lililosomwa chini ya picha lilikuwa la Nast, lakini jasho lilikuwa la wengi. Sisi wa viwandani twajua jambo hilo.

Wakati ule mji wa New York ulikuwa mikononi mwa William Tweed na kundi lake. Walijenga jumba la mahakama, na mali ya umma ikaliwa humo. Jumba lililokadiriwa dola 250,000 liligharimu zaidi ya dola milioni 12. Seremala mmoja aliandikiwa dola 360,751 kwa kazi ya mwezi mmoja, katika jengo lisilokuwa na mbao nyingi. Ndugu seremala, je, wewe mwezi uliopita ulipata ngapi?

Mwaka 1871 gazeti la New York Times lilitoa hesabu hizo, na Nast akazitia katika picha. Mwezi wa Agosti alichora wakubwa wale wamesimama duara, kila mmoja akimwonyesha jirani yake kidole, kwa swali la nani kaiba fedha za watu. Baadaye alimchora Tweed mwenye tumbo kubwa, na mahali pa kichwa pana mfuko wa fedha. Husimuliwa kwamba Tweed alisema hajali sana maandishi ya magazeti, kwa kuwa wengi wa wapiga kura wake hawajui kusoma, lakini picha wanaziona. Husimuliwa pia kwamba Nast aliahidiwa fedha nyingi akasome uchoraji Ulaya, maana yake aondoke. Akakataa.

Walipomshindwa mchoraji walimgeukia mwajiri wake. Kampuni ya Harper iliuza vitabu vya shule, na watu wa Tweed wakavifungia mlango katika shule za mji. Kampuni ilipata hasara, lakini haikumtupa mtu wake. Mwezi wa Novemba mwaka ule kundi la Tweed lilishindwa vibaya katika uchaguzi, ingawa yeye mwenyewe alikipata kiti chake. Mwaka 1873 alihukumiwa. Mwaka 1875 alitoroka, mwaka 1876 akakamatwa Hispania, na inasemekana alitambuliwa huko kwa picha ya Nast. Alikufa kifungoni mwaka 1878.

Lakini tusimsifu Nast kupita kiasi. Watu wa Ireland waliokuja Marekani kutafuta kazi, masikini kama sisi, aliwachora kama nyani. Dini yao ya Kikatoliki aliichora kama mamba. Na mwaka 1874 alichora waliowaita wafanyakazi wadai haki yao kama kiunzi cha mifupa kinachomdanganya fundi na familia yake. Mkono uleule uliomkamata mwizi uliwapiga wanyonge. Panga hulima na panga hukata mtu. Lafuata mkono unaolishika.

Huku kwetu Afrika Mashariki twao mafundi wetu. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kuchorea magazeti ya Nation huko Nairobi mwaka 1992, na amewachora marais bila kuwaogopa. Mwezi wa Januari 2015 serikali ya Tanzania ilizuia gazeti la The East African baada ya katuni yake juu ya Rais Kikwete, ingawa sababu iliyotajwa ilikuwa usajili. Mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukuendelea. Na hapa Uganda yuko Jimmy Spire Ssentongo, mwalimu wa Makerere na mchora katuni wa The Observer. Mwezi wa Aprili 2023 aliwaita watu walete katika mtandao picha za mashimo ya barabara za Kampala. Zilimiminika, na katika muda wa siku chache Rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kwa matengenezo. Mashimo yale kila mtu alikuwa akiyapita. Yalipoonyeshwa pamoja ndipo yakawa aibu.

Ndugu, mchoraji ni mfanyakazi. Ana mkataba, ana tumbo, na anaweza kuachishwa. Nast alisimama kwa sababu nyuma yake alisimama mtu. Nasi lazima tujiulize: yule wa mizani, nani alisimama nyuma yake? Tuseme kweli. Msimamizi alipouliza nani kachora, tulinyamaza, na kunyamaza huko kulimsaidia. Lakini kama angejulikana, hatukuwa tumekubaliana lolote la kumkinga. Hilo ni kosa letu, si lake.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa matawi yote, tangu Jinja hadi Mbale. Kwanza, picha ya chama ipitishwe na kamati na itolewe kwa jina la tawi, ili akitafutwa mchoraji, apatikane tawi zima. Pili, tuchore tendo, tusichore kabila, dini wala ulemavu wa mtu. Kidole kwenye mizani chatosha, hakihitaji kabila. Tatu, kabla ya kuchora tuhakikishe: tupime gunia wenyewe, tuandike kilo, tuwe na mashahidi. Hesabu zilitangulia, ndipo picha za Nast zikamwangusha Tweed. Picha isiyo na hesabu nyuma yake ni matusi tu, na matusi humpa mwajiri njia ya kutoka.

Mwenye mkono wa kuchora na amwone katibu wa tawi lake. Kaa la jikoni latosha.

Umoja ni nguvu.