Kisukuma si kikwazo cha matamshi ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Shinyanga akitamka “ship” na “sheep” kwa sauti moja, lawama huangukia lugha ya nyumbani kwao. Ushahidi unasema vingine. Kiswahili kina irabu tano, na hakina i mbili za kutenganisha maneno hayo mawili. Kisukuma, kilichochambuliwa na Herman Batibo katika kitabu chake cha 1985, kina irabu saba, fupi na ndefu, zikiwemo i mbili na u mbili. Wanaisimu huiandika i iliyolegea kwa alama /ɪ/, ileile ambayo kamusi za Kiingereza huweka kwenye “ship”. Sauti hizo hazifanani kabisa, lakini mtoto aliyekulia katika Kisukuma amekwisha kuzoea kusikiliza tofauti ya namna hiyo. Mwalimu anayemtaka aisahau lugha yake anamnyang’anya msaada mkubwa.

Wapo watakaosema alama za kifonetiki, kama hiyo /ɪ/, ni mzigo wa wataalamu. Historia haiwaungi mkono: chama kilichoziasisi kilianzishwa Paris mwaka 1886 na walimu wa lugha, kwa ajili ya wanafunzi wao. Tena alama hizo zinahitajika, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza hupotosha. “Bird”, “word” na “hurt” zina irabu moja, /ɜː/, japo herufi ni tofauti. Wengine watauliza kuhusu wasiozungumza Kisukuma: Wazinza, Wahaya na wageni wengi waliofuata dhahabu Geita. Hao nao watanufaika, kwa kuwa mwenzao wa dawati moja anaweza kuwatamkia i zote mbili, na somo likaendelea kwa lugha ya kufundishia.

Pingamizi zito zaidi ni hili: tufuate lafudhi ya nani? Kamusi ya matamshi ya Daniel Jones ya mwaka 1917 ilinukuu usemi wa wasomi wa kusini mwa Uingereza. Waskoti wengi hutamka “pull” na “pool” sawa, na “day” ya Mwaustralia hukaribia “die” sikioni mwa Mwingereza. Migodini, ambako wahandisi hutoka nchi mbalimbali, hakuna lafudhi moja ya kuigwa. Hivyo lengo lisiwe kuigiza London, bali kutunza tofauti zinazobeba maana, ili anayeambiwa “fill” asisikie “feel”. Vyuo vya ualimu vya Kanda ya Ziwa vianze hapo: vimfundishe mwalimu kusoma alama hizo, kisha vimruhusu kuzieleza kwa irabu ambazo wanafunzi wake wanazo tayari.