Nguzo za Ghala la Nyanya

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapenzi wasomaji, sisi hatukujenga ukuta, tulijenga ghala zima! Mwaka jana, baada ya mavuno, ghala la nyanya kule Bungoma liliinama kisha likaanguka usiku wa mvua. Nguzo mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa na kuoza pale chini. Magunia matatu ya mahindi yalilowa, yakavunda. Hayo ndiyo yaliyokuwa karo yangu.

Baba alileta kutoka Kitale mkebe wa oili chafu aliyopewa bure na fundi wa magari. Watu wengi huku kwetu hupaka oili hiyo kwenye nguzo na ua, na kweli mchwa huikimbia kwa muda. Lakini nilipomwuliza mwalimu wetu wa Kilimo, alitikisa kichwa. Oili iliyotumika hubeba chembechembe za metali kutoka ndani ya injini, pamoja na kemikali ziwezazo kuleta saratani. Mvua huiosha ikaingia udongoni, kuku wakadonoa hapo hapo. Nyanya aliposikia hayo alisema, "Mjukuu wangu, mimi sili mahindi ya gari." Mjadala ukaisha.

Je, nguzo kama zile za stima? Nyingi hutiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki kiwandani. Hudumu sana, lakini vipande vyake visifanywe kuni kamwe, kwani moshi na majivu yake ni sumu.

Basi tulifanya hivi.

Kwanza, tulichagua mti. Kiini, yaani ile sehemu ya katikati yenye rangi nzito, huwa na kinga yake ya asili. Sehemu nyeupe ya nje haina. Mwerezi na lusiola husifika kwa kuwashinda mchwa. Mkaratusi mchanga hupatikana kwa urahisi, lakini huliwa upesi. Nyanya alikuwa na lusiola shambani, tukaikata, tukaibandua magome na kuikausha.

Pili, hatukuzika nguzo. Mti huoza zaidi pale unapokutana na udongo, maana hapo pana maji na hewa pamoja, na kuvu huhitaji vyote viwili. Tuliziweka nguzo juu ya mawe bapa. Mchwa akitaka kupanda, lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya jiwe, nasi tunaiona na kuibomoa. Wengine huchoma ncha ya nguzo kabla ya kuizika. Husaidia kidogo tu, kwa sababu makaa yakipasuka mchwa hupenya.

Tatu, tulipaka mafuta ya kitani. Mafuta haya yakishika hewa hukauka na kuzuia maji yasipenye haraka. Yapake kwa wembamba, kisha futa yanayobaki juu. Chagua mabichi, kwani yale yanayouzwa kuwa yamechemshwa mara nyingi hutiwa kemikali za metali ili yakauke upesi. Tahadhari! Matambara yenye mafuta haya yakirundikwa huweza kuwaka moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke. Tena msidanganyike, mafuta haya hayaui mchwa. Kazi ya mchwa ni ya kiini na mawe.

Jambo hili si geni. Kule pwani, mabaharia walipaka majahazi yao sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini wakaipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hawakupaka mara moja wakasahau, walirudia tena na tena. Hapo ndipo penye siri. Dawa isiyo na sumu hutaka jicho na bidii, hiyo si kazi ya siku moja.

Baba bado ananiambia kwamba oili ingekuwa rahisi. Ni kweli, ilikuwa ya bure. Lakini kila nikienda Bungoma huinama kwanza nikague mawe yale manne, halafu ndipo nile ugali wa nyanya bila wasiwasi. Ndugu msomaji, nguzo za kwenu umezikagua lini?