Kasha la alumini na hadithi ya ubaridi

Ukiuliza dukani kwa nini kasha la kompyuta la alumini ni ghali kuliko la bati la chuma, mara nyingi utajibiwa kwamba alumini hupitisha joto vizuri, kwa hiyo mashine itakaa baridi. Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli: aloi za alumini zinazotumika kwenye makasha hupitisha joto takriban mara tatu kuliko bati la chuma. Nusu ya pili haifuati. Anayejiundia kompyuta nyumbani akiiamini, atalipia ubaridi asioupata na kupuuza sifa nzuri ambazo alumini inazo kwelikweli.

Imani hii inaeleweka, maana sote tumeona sufuria ya alumini inavyopata moto haraka. Lakini sufuria inaguswa na moto. Prosesa haigusi ukuta wa kasha. Joto lake hupanda kwenye kipoozeo kilichobanwa juu yake, na kipoozeo hulimwaga kwenye hewa. Ili joto hilo litoke nje kupitia ukutani, lazima livuke tabaka la hewa iliyotulia iliyoshikamana na ukuta kwa ndani, lipenye bati, kisha livuke tabaka jingine kama hilo kwa nje. Hewa ni mpitishaji mbovu mno wa joto. Ukivipima vizuizi hivyo vitatu, kile cha bati lenyewe, liwe la chuma au la alumini, hakifikii hata sehemu moja kati ya elfu moja ya jumla. Ukibadili chuma kwa alumini umepunguza kitu ambacho hakikuwa kikizuia chochote. Tena alumini tupu iliyong'arishwa hutoa joto kwa mnururisho vibaya kuliko chuma kilichopakwa rangi.

Kinachopoza kompyuta ni hewa inayoingia na kutoka. Chukua mashine inayotumia wati 300 ikiwa kazini. Ukitaka hewa inayotoka isizidi joto la chumba kwa zaidi ya nyuzi 10, unahitaji kupitisha takriban lita 25 za hewa kila sekunde. Feni mbili nzuri za milimita 120 zinaiweza kazi hiyo bila kelele nyingi, alimradi zina mahali pa kuvutia hewa. Hapa ndipo makasha mengi ya alumini yanapoanguka. Uso wa mbele ni kipande kizima cha alumini, kizuri kukitazama, na hewa imeachiwa mianya myembamba pembeni. Mbele ya kasha la namna hiyo, kasha la bati la bei nafuu lenye uso wa matundu litashinda kila siku, na katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kisicho na kiyoyozi utaiona tofauti hiyo kwenye vipimo na kuisikia kwenye mlio wa feni.

Apple walilijua hili. Power Mac G5 ya mwaka 2003, mojawapo ya makasha ya alumini yaliyosifiwa sana, ilikuwa na matundu mbele na nyuma, ndani imegawanywa katika kanda nne za hewa, na feni tisa zikiongozwa na kompyuta yenyewe. Wahandisi wale hawakuziachia kuta kazi ya kupoza.

Kuna aina moja ya kasha ambayo ndani yake alumini inapoza kweli, nayo ni ile isiyo na feni. Streacom, kwa mfano, wametengeneza FC8 na DB4, ambamo mabomba ya shaba huchukua joto kutoka kwenye prosesa na kulipeleka moja kwa moja kwenye ukuta mnene wa alumini. Hapo ukuta umekuwa kipoozeo, na metali inagusana na metali toka mwanzo hadi mwisho. Lakini makasha haya hulenga prosesa za takriban wati 65, na joto la chumba huongezwa juu ya kila kipimo. Kwa mashine ya kuandikia, kutazama filamu au kuhifadhi mafaili ya familia, ni chaguo zuri sana. Kwa mashine ya michezo yenye kadi kubwa ya grafiki, hapana.

Basi alumini ina faida gani? Kwanza ni wepesi, ingawa si kwa kiwango ambacho watu hudhani. Uzito wake ni takriban theluthi moja ya ule wa chuma, ila kwa unene uleule hupinda kirahisi mara tatu. Mtengenezaji makini hufidia kwa kuongeza unene kama asilimia 45, na kasha likabaki na ugumu wa lile la chuma kwa nusu ya uzito. Asiye makini haongezi. Kwa hiyo bonyeza ubavu wa kasha katikati kwa kidole gumba: ukizama na kurudi kwa mlio, bati ni jembamba, na baadaye litatetemeka kila diski ngumu inapozunguka. Nusu ya uzito si jambo dogo kwa anayeagiza kutoka nje na kulipia usafirishaji kwa kilo.

Faida ya pili, ambayo kwangu mimi ndiyo kubwa kwa wakazi wa pwani, ni kutu. Bati la chuma huanza kula kutu pale lilipokatwa na kutobolewa, hata kama limepakwa zinki na rangi, na upepo wa chumvi hauna subira. Alumini iliyoanodishwa, yaani iliyopitishwa kwenye tindikali na umeme mpaka ikajenga ngozi ngumu ya oksidi, hustahimili vizuri zaidi, na ngozi hiyo haibanduki kama rangi ya kupuliza kwa sababu imeota kutoka kwenye metali yenyewe. Angalia tu mahali skrubu za chuma zinapokutana nayo. Palipo na unyevu wa chumvi, metali mbili tofauti zikigusana, alumini ndiyo huliwa, na utaona unga mweupe kuzunguka tundu.

Nenda dukani na sumaku ndogo. Makasha mengi yanayoitwa ya alumini yana kibao cha alumini mbele tu. Fremu, trei ya madabodi na mbavu ni chuma. Hilo si kosa, fremu ya chuma ni imara, ila bei iendane nalo. Sumaku itakuonyesha mpaka uko wapi. Itakukumbusha pia kwamba machujio ya vumbi yenye ukingo wa sumaku hayatashika kwenye alumini, kwa hiyo kasha liwe na chujio lake la kuchomoa na kuosha.

Kisha tazama meno ya skrubu. Alumini ni laini, na tundu lililochongwa meno moja kwa moja kwenye bati jembamba huharibika baada ya kufungua na kufunga mara chache. Tafuta nati za chuma zilizopachikwa, hasa kwenye vinguzo vya madabodi na kwenye mbavu unazozifungua kila unapofuta vumbi. Vipimo vya ndani ni kazi ya futikamba: urefu wa kadi ya grafiki, kimo cha kipoozeo, na ukubwa wa bodi, iwe ATX ya milimita 305 kwa 244 au mini-ITX ya 170 kwa 170.

Jambo la mwisho husahaulika sana. Ile ngozi ya oksidi haipitishi umeme, kwa hiyo vibao viwili vilivyoanodishwa vinaweza kugusana bila kuunganika kiumeme. Pawa saplai hutegemea kasha zima liwe limeungwa na waya wa ardhi, na katika nyumba ambazo soketi haina waya huo, mwili wa kompyuta hubaki na umeme mdogo unaowasha vidole kwenye kichwa cha skrubu. Rekebisha soketi kwanza. Kisha, plagi ikiwa imechomolewa ukutani lakini waya wake ungali kwenye pawa saplai, weka ncha moja ya mita ya kupima ukinzani kwenye pini ya ardhi ya plagi na nyingine kwenye metali iliyo wazi ya kila kibao, kwa mfano ndani ya tundu la skrubu. Kipimo kiwe karibu na sifuri. Kibao kisichosoma chochote, kwangua ngozi ya oksidi kidogo chini ya skrubu moja mpaka metali nyeupe ionekane, kaza tena, na upime upya.