Kabla Mabati Hayajaezuliwa

Katika nchi ya chai, Kericho hata Bomet, ambako mvua hunyesha takriban kila mwezi na pengine kuangusha mawe alasiri juu ya mapaa, mkulima mdogo aliyepokea bonasi yake ya mwaka, ambayo kwa desturi hulipwa mnamo Oktoba, huona kuwa wasaa umewadia wa kuikarabati nyumba yake. Nami namsihi, kabla hajamwita fundi, apande darini na taa mkononi. Huko ndiko gharama isiyotarajiwa hujificha: mbao zilizooza kwa unyevu, misumari iliyoliwa na kutu, na njia za mchwa, mambo ambayo aghalabu hudhihirika siku mabati yamekwisha kuezuliwa na mwenye nyumba hana hiari tena. Mapatano na yaandikwe, saruji, mbao na ujira vikihesabiwa mbalimbali, na sehemu ya kumi ya fedha, au zaidi kwa nyumba kongwe, iwekwe akiba isiguswe. Uchukuzi nao usisahauliwe, kwani udongo mwekundu ukilowa, lori la mchanga hukwama mbali na boma, na wabebaji, kwa haki yao, hudai ujira.