Ndege ya Kitambaa Kwenye Karatasi ya Manila

Piper L-4, ndege ndogo ya upelelezi ya Jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na uzito usiofika kilo 350 bila mafuta wala rubani. Bodi yake ilikuwa kiunzi cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa, na juu ya kiunzi hicho kilivutwa kitambaa cha pamba kilichopakwa vanishi maalumu mpaka kikakaza. Injini yake ya nguvu za farasi 65 iliisukuma kwa mwendo wa kilomita 120 hivi kwa saa, basi la mikoani likikazana lingeweza karibu kuifukuzia. Askari waliibatiza jina la Panzi. Zaidi ya 5,000 ziliundwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuelea juu ya uwanja wa mapambano na kuwaelekeza wapiga mizinga.

Kwa wanaobuni modeli za karatasi, ndege za namna hii ni neema. Kitambaa kilichovutwa juu ya mbavu na mabomba hukaa bapa, au hupinda upande mmoja tu. Karatasi ya manila nayo ina tabia hiyohiyo.

Ubunifu huu una mizizi mirefu Ulaya ya Mashariki. Nchini Poland, jarida la Mały Modelarz limekuwa likichapa modeli za kukata na kubandika tangu 1957, na kwa sababu yake skeli ya 1:33 imekuwa kipimo cha kawaida cha ndege za karatasi. Mwaka huohuo jarida la vijana la ABC lilianza Czechoslovakia, nalo likalea kizazi baada ya kizazi cha watoto wenye mkasi na gundi mkononi. Kabla yao, vita vyenyewe vilikwisha kuisukuma kazi hii. Mbao na chuma vilipoadimika Uingereza, Geoffrey Heighway aliuza Micromodels, modeli zilizochapwa kwenye kadi za ukubwa wa postikadi. Marekani, mwaka 1944, kampuni ya General Mills iliwapelekea watoto ndege za kivita za karatasi zilizobuniwa na Wallis Rigby, kwa malipo ya vipande vya maboksi ya nafaka ya Wheaties na senti chache. Mtoto aliweka sarafu ya senti moja kwenye pua ya ndege ili ipae bila kuyumba.

Adui wa mbunifu ni hesabu. Mwaka 1827 Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba umbo lililopinda pande mbili kwa wakati mmoja haliwezi kutandazwa bapa bila kuchanika au kukunjamana. Mtu akimenya chungwa na kujaribu kulilaza ganda juu ya meza, ataiona kanuni hiyo kwa macho yake. Karatasi hukubali kuwa bomba, hukubali kuwa koni, hukubali mkunjo ulionyooka. Kuwa tufe haikubali. Kwa hiyo kila ndege hugawanywa katika mabomba, koni na bapa, na ustadi wa mbunifu huonekana pale anapochagua pa kukata.

Kazi huanza kwa kukusanya michoro, vitabu vya mafundi wa jeshi na picha za ndege zilizobaki kwenye makumbusho. Michoro ya zamani mara nyingi hupingana, na hapo picha ndiyo huamua. Kisha huja skeli. Mabawa ya L-4 yana upana wa mita 10.74 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa ndege ni mita 6.83. Kwa 1:33 mabawa yanakuwa sentimita 32.5 na urefu karibu sentimita 21. Bawa zima halienei kwenye karatasi ya A4, lakini hilo si tatizo, kwa kuwa kila upande huchorwa peke yake. Bawa la L-4 lina kina kilekile tangu kwenye bodi hadi karibu na ncha, hivyo kipande kimoja kinachokunjwa kwenye ukingo wa mbele kinatosha kulifunika juu na chini. Mkia ni rahisi zaidi, kwani hata kwenye ndege halisi ni bapa.

Kipande cha bodi kinachopungua unene huhitaji hesabu kidogo. Tuseme ni koni iliyokatwa kichwa, nusu kipenyo milimita 12 upande mmoja na milimita 9 upande wa pili, na urefu wa milimita 20. Ikitandazwa, inakuwa kipande cha duara: tao la nje lina nusu kipenyo cha milimita 81 hivi, la ndani karibu 61, na pembe kati ya kingo mbili ni nyuzi 53. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa bikari, rula na kalamu ya wino. Leo mbunifu hujenga umbo zima kwenye kompyuta kwa programu kama Blender au Rhino, kisha programu ya Kijapani iitwayo Pepakura Designer hulifungua na kulilaza kwenye kurasa. Lakini kompyuta haijui mkasi wa mtu utapita wapi. Ikiachiwa iamue, hutoa vipande vyenye meno na kona ambazo hakuna mjengaji atakayezishukuru.

Raha ya L-4 hukomea puani. Kifuniko cha mbele cha injini ni bati lililopinda kila upande, yaani umbo lilelile ambalo Gauss alilikataza. Mbunifu hulipasua kuwa vidole vingi vyembamba vinavyokutana katikati, au hulijenga kwa pete fupi za koni zinazofuatana. Vidole vikiwa vichache, pua inakuwa na kona. Vikizidi, mjengaji anachoka kabla hajamaliza. Pembeni mwa pua huchomoza silinda nne za injini, mbili kila upande. Kila silinda hutengenezwa kwa visahani vya karatasi, kikubwa kwa kidogo kwa zamu, na ikikamilika huwa na mapezi ya kupoza kama ya silinda halisi.

Kuna mtego mwingine ambao wanaoanza hawauoni: karatasi ina unene. Manila ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba ina unene wa takribani sehemu ya tano ya milimita. Ikizungushwa kwenye fremu ya ndani yenye nusu kipenyo cha milimita 12, mzingo unaohitajika huongezeka kwa zaidi ya nusu milimita. Kwenye ndege halisi hiyo ni sawa na ufa wa sentimita mbili. Kwa hiyo fremu hupunguzwa kidogo, au ngozi hupanuliwa, na uamuzi huo hufuatwa ndege nzima.

Rangi huchapwa pamoja na vipande, na nayo ni sehemu ya ubunifu. L-4 nyingi zilikuwa na kijani cha jeshi juu na kijivu chini. Kwa uvamizi wa Normandy, Juni 1944, ndege za Washirika zilipakwa mistari mitano, myeupe na myeusi kwa kupishana. Kwa ndege ya injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18, yaani milimita 14 hivi kwa 1:33. Mistari hiyo huvuka kutoka kipande hadi kipande, na kosa dogo la kuunganisha huonekana mara moja. Mbunifu makini huchora pia kivuli chepesi kwenye kila ubavu wa bawa, ili jicho lihisi kitambaa kilichovutwa.

Ndege moja huwavutia wengi kuliko zote. Charles Carpenter, mwalimu wa historia kutoka Moline, Illinois, alifunga bazuka sita chini ya mabawa ya L-4 yake aliyoiita Rosie the Rocketer, akavishambulia vifaru vya Wajerumani karibu na Arracourt, Ufaransa, Septemba 1944. Ndege hiyo bado ipo. Ilipatikana Austria ikakarabatiwa, na sasa imehifadhiwa Massachusetts. Kwa mbunifu maana yake ni vibomba sita vya ziada. Bazuka ilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 60, kwa hiyo kwenye modeli tundu halifiki milimita 2, na karatasi ya kawaida huzungushwa juu ya sindano nene.

Ndege za kizazi cha nyuma zaidi zina mtihani wa aina nyingine, na baadhi yake zilifika pwani yetu. Julai 1915, kutoka kisiwa cha Mafia, Waingereza walirusha Caudron na Henri Farman kuelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Mkia wa ndege hizo ulishikwa na fito zilizo wazi, na mabawa yake mawili yalifungwa kwa nyaya. Hapo ngozi si tatizo, tatizo ni mifupa. Fito hutengenezwa kwa karatasi iliyosokotwa au vijiti vya mianzi, nyaya kwa uzi mwembamba, na mbunifu lazima atoe kiolezo cha kushikilia mabawa mpaka gundi ikauke.

Mchoro ukikamilika, mbunifu huchapa nakala isiyo na rangi na kuijenga mwenyewe, akiandika kila kosa juu ya kipande kilipotokea, kisha anarudi kwenye kompyuta. Mjengaji akitaka kuipunguza modeli kutoka 1:33 hadi 1:48, mashine itapunguza kila mstari hadi asilimia 69, lakini manila na kadibodi za fremu zitabaki na unene uleule. Mianya iliyopimwa kwa kadibodi ya milimita moja haitaipokea tena, na fremu zote lazima zichorwe upya.